Pweza wa Bafuni

Pazia la dirisha la bafu letu lilikuwa na tabia moja: mtu akioga, nalo linaoga. Likishalowa linakung'ang'ania mgongoni kama mdai aliyekukuta njia panda. Mke wangu alilivumilia mwaka mzima. Mwaka wa pili akasema basi, kitafutwe kitu kingine cha kuziba lile dirisha, maana linatazamana ana kwa ana na dirisha la jirani, na jirani ni mtu wa kukaa dirishani.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Nitatengeneza paneli ya vioo vya rangi," nikasema. "Picha ya bahari. Mwanga utapita, macho hayatapita."

Wakati natamka hayo nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya vioo Jumamosi nne. Mwalimu wetu ni mama mtu mzima, vidole vyake vimejaa makovu madogo madogo kama ramani ya visiwa, na ni mtu wa maneno machache ila kila neno lina ncha. Kwake nilikuwa nimemaliza kazi mbili: mraba wa kijani na mraba wa bluu. Ule wa bluu haukuwa mraba sana.

Sasa, siku ile shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwepo. Utani wetu mimi na yeye hauna breki.

"Bahari tu?" akauliza. "Maji matupu? Hata ndoo ina maji, shemeji."

"Nani kasema maji matupu? Nitaweka pweza. Mzima. Na minyiri yake yote minane, imejikunja hivi." Nikamwonyesha kwa mikono.

Kauli ikishatoka mbele ya shemeji haina njia ya kurudi. Kuna ule usemi wa pweza kujipalia makaa: ukimweka motoni, minyiri inajikunja na kumvutia makaa yote juu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa sijawasha hata kiberiti.

Nilichora kwa siku tano. Kwa njia ya utepe wa shaba, yaani kila kipande cha kioo kinafungwa utepe mwembamba wa shaba ukingoni ndipo vyote viungwe kwa lehemu, unachora picha nzima kwa ukubwa wake halisi, kila kipande unakipa namba, kisha unakata karatasi kwa mkasi maalumu wenye makali matatu, ambao katikati ya kipande na kipande unatoa ukanda mwembamba kama uzi. Nafasi ya ule uzi ndiyo itakayokaliwa na shaba baadaye. Vipande vyangu vilifika 64. Pweza alitoka na macho yenye huruma, kichwa kimelala upande kidogo, minyiri imetapakaa pande zote kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Nilimpenda. Nilimpelekea Mwalimu.

Mwalimu aliitazama ile karatasi muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Pweza mzuri," akasema. "Atakatwa na nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ikabidi anieleze upya kitu alichotueleza Jumamosi ya kwanza, wakati mimi nikiwa nawaza rangi. Kioo hakikatwi. Kile kigurudumu kidogo cha chuma kigumu kilicho kwenye ncha ya kalamu ya kukatia kinaacha mkwaruzo tu, basi. Kukatika ni hiari ya kioo: unakibana kwa koleo pande mbili za mkwaruzo, unakiomba, nacho kikikubali ufa unafuata mstari wako. Lakini ufa ni mvivu, unapenda njia fupi. Ukiupa mstari ulionyooka utakwenda. Ukiupa tumbo linalotokeza nje, utakwenda kwa kubembelezwa. Ukiupa shimo linaloingia ndani, unakata kona na kupita unakotaka wenyewe. Yeye ana majina yake kwa hayo mambo: tumbo la nje analiita rasi, na shimo la ndani analiita ghuba.

"Rasi hukatika," akasema. "Ghuba huvunjika. Huyu wako ni ghuba tupu."

Akachukua penseli na kuanza kuikata minyiri yangu vipande vipande, mmoja vipande vinne, mwingine vitano. Weka mshono pale ambapo kioo kingevunjika chenyewe, akasema, utaonekana umekusudia. Nilitazama ile mistari yake nikaona pweza wangu anageuka mabomba ya maji yaliyoungwaungwa na fundi mwenye haraka. Nilimshukuru kwa heshima zote. Nilipofika nyumbani nikachukua kifutio.

Mnyiri mmoja, kipande kimoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kauli mbiu.

Kuchagua vioo ilikuwa raha ambayo sijaipata mahali pengine. Unasimama mbele ya rafu, unachomoa kipande, unakiinua kwenye mwanga, unarudi kuwa mtoto. Bluu nzito inayotokana na kobalti. Kijani ambacho kina chuma au shaba ndani yake. Kwa ajili ya maji nilipata kioo chenye mikunjo ya mawimbi kilichochanganya bluu na kijani, ukikisogeza unaona kabisa mkondo unakwenda. Kwa ajili ya pweza, Mwalimu alitoa kipande kutoka nyuma kabisa ya kabati, kimefungwa kwa kitambaa: waridi na nyeupe zimesokotana kama moshi, kimetengenezwa kwa mkono, kiasi cha sentimita 40 kwa 40. Ile waridi ya ndani kabisa, akaniambia, ni ya dhahabu. Kweli kabisa, dhahabu huyeyushwa na kutiwa kiasi kidogo sana kwenye kioo, nacho badala ya kuwa cha njano kinatoka waridi.

"Na cha mkono hakina pacha," akaongeza. "Hiki kikivunjika, mwanangu, hakuna ndugu yake."

Binti yangu, ambaye ana miaka tisa na maoni kuhusu kila kitu, naye alileta mchango wake: kopo la vipande vya chupa alivyookota ufukweni siku za nyuma. Mnavijua. Vya kijani, vya kahawia, vyeupe, bahari imevisugua kwa mchanga mpaka kingo zimekuwa laini na uso umefifia kama mtu aliyevuta pumzi kwenye dirisha.

"Viweke chini, viwe mchanga," akasema.

"Hivi ni vya chupa, mwanangu. Hii ni sanaa."

Alilirudisha kopo lake chumbani bila neno. Ningepaswa kuogopa ule ukimya.

Siku ya kukata nilianza na kichwa. Kichwa cha pweza, ukikitazama kwa jicho la fundi, ni rasi tupu kasoro mahali minyiri inapoanzia. Kigurudumu kiliteleza na kutoa ile sauti inayotakiwa, kama hariri inayochanika taratibu, koleo likabana, tik, kikaachia. Nilikiinua juu. Mviringo kamili, moshi wa waridi umezunguka pale pale nilipotaka jicho liwe. Meza ilikuwa imejaa, kwa hiyo nilikifunga kichwa kwa gazeti na kukiweka mahali salama, juu ya kiti. Naomba mkikumbuke hicho kiti.

Shemeji akaja kutazama. Sikumwita. Alisema amepita tu, lakini mtu aliyepita tu haji na mto wa kuegemea.

Mnyiri wa kwanza. Nikakwaruza mstari vizuri tu, ila katikati ya ghuba nikaona kama mkwaruzo umefifia. Nikarudia juu yake. Sasa hilo ni kosa ambalo Mwalimu analikemea kila Jumamosi: mara moja tu, ukirudia unaliumiza gurudumu na unakichanganya kioo, kinakuwa na njia mbili na kinachagua ya tatu. Nikabana. Kikachagua ya tatu. Mnyiri ulitoka mfupi, umenyooka, umechongoka, mzuri kwa kuchokolea meno.

"Saba," akasema shemeji.

"Pweza akikatika mnyiri huota mwingine," nikamjibu. "Kisayansi."

"Huyu wako ataota lini?"

Sikumjibu. Nilimwambia binti yangu kwamba mnyiri wa nane uko nyuma ya mwili, hauonekani kwa upande huu. Akatikisa kichwa polepole, kama daktari.

Iliyobaki saba niliikata yote. Yote! Na siwezi kueleza ilikuwaje, maana kwa sheria zote za kioo haikutakiwa kukatika. Niliing'ata kwa koleo punje kwa punje kwenye zile ghuba, saa tano bila kusimama, mpaka shingo ikakataa kugeuka kushoto. Kesho yake nikaingia kwenye mashine ya kusaga kingo. Ni kijimashine kidogo tu, chenye kichwa kilichopakwa vumbi la almasi kinachozunguka, na nyuma yake kuna sponji inayokilowesha maji muda wote. Sponji ndiyo roho ya mashine. Inazuia vumbi, na inapoza kioo.

Mnisikilize: sponji inahitaji kuongezewa maji.

Nilikuwa nafurahia mno. Nilikuwa hata naimba. Mnyiri wa tatu ulikuwa unalainika vizuri, nikaona unga mweupe umeanza kuruka, nikajiambia huo ni ushahidi wa kazi. Kisha nikasikia vidole vimepata joto. Kisha nikasikia tii, sauti ndogo sana, kama mtu anayegonga jino kwa kucha, na mnyiri ukawa minyiri miwili, wala hakuna hata mmoja uliofaa.

"Sita," sauti ikatoka kwenye mto wa kuegemea.

Binti yangu akaja kuhesabu kwa kidole. "Baba, pweza ana minane. Ngisi ana kumi. Huyu wa sita anaitwaje?"

"Anaitwa mgonjwa," akadakia mjomba wake.

Hapo damu ilinichemka. Ya kwangu ni nyekundu. Ya pweza, kwa taarifa yenu, ni ya bluu, kwa sababu inabeba hewa kwa shaba badala ya chuma. Mnyama mwenye shaba mwilini anatengenezwa kwa utepe wa shaba: kuna kitu gani kinachofaa zaidi duniani? Niliyasema hayo yote kwa sauti, nikiwa nimenyanyua mnyiri mmoja kwenye mwanga wa dirisha ili shemeji aone ile dhahabu ndani yake na ashike adabu.

"Mzuri," akakubali. "Lakini si unavunjika vunjika tu?"

"Huu? Huu umeshapita mitihani yote. Huu sasa ni mgumu." Na nikaugonga, kidogo tu, ukingoni mwa meza.

Sitaieleza sauti yake. Kila aliyewahi kuangusha kitu cha watu anaijua.

Chumba kilinyamaza. Shemeji mwenyewe hakuhesabu. Alisimama, akaja pale mezani, akavitazama vile vipande na uso umemwiva kwa huruma ya kweli, na huruma ya shemeji inauma kuliko kejeli yake. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikatafuta neno lolote la kibinadamu la kumwambia mtu aliyesimama kwenye msiba wangu, na lililonijia ni lile linalomjia kila mtu.

"Karibu kiti, shemeji."

Akakaa.

Nimefikiria sana tangu siku ile. Kiti kilikuwa kimoja. Gazeti lilikuwa juu yake. Mimi ndiye niliyeliweka, mimi ndiye niliyemkaribisha, tena kwa mkono, nikimwonyesha. Kioo cha milimita 3 hakipigi kelele nyingi chini ya mtu mzima. Kilitoa mguno mmoja wa kujikatia tamaa. Kelele nyingine zote zilikuwa za shemeji.

Aliruka akiwa bado amekaa. Sijui ilivyowezekana, lakini nilimwona hewani katika umbo la mtu aliyekaa. Mke wangu alikuja mbio kutoka chumba cha pili, akakuta kaka mtu mzima amesimama katikati ya chumba ameshika suruali kwa nyuma kwa mikono miwili, na mume wake amepiga magoti sakafuni anafungua gazeti na kuuliza, "Jicho limepona? Angalia kama jicho limepona!"

Alidhani naulizia jicho la nduguye.

Jeraha lilikuwa dogo, namshukuru Mungu. Suruali ilikuwa nene, na gazeti nalo lilisaidia. Ni kipande kimoja tu, chembamba kama ukucha, kilichopita, na kilipita mahali ambapo mwenyewe hawezi kupaona na sisi wengine hatukuwa na hamu ya kupaona. Mke wangu alikitoa kwa kibano cha nyusi huku akinisema bila kunitazama.

"Umemkaribisha pweza kitini. Sawa. Halafu ukamkaribisha na mdogo wangu juu yake. Sasa niambie, nani mwingine unamngojea?"

Shemeji, kifudifudi kwenye kochi, uso ndani ya ule mto wake, akasema kitu ambacho hakikusikika vizuri. Binti yangu aliinama kumsikiliza akatutafsiria: "Anasema hakuna hata sifuri."

Jumamosi nilikwenda kwa Mwalimu na boksi. Nilikuwa nimejiandaa kwa karipio. Nilikuwa hata nimeandaa utetezi kuhusu mafundi wa Ulaya wa zama za kati, ambao kabla ya vigurudumu na almasi walikuwa wakipasua vioo kwa chuma cha moto kisha wanavitafuna kingo kwa chuma chenye meno, na bado wakaacha madirisha kama yale ya kanisa kuu la Chartres, kule Ufaransa. Nilitaka kusema kwamba nao lazima walivunja. Mwalimu hakunipa nafasi. Alikung'uta boksi juu ya meza nyeupe yenye taa chini yake, akaweka kando vumbi na chembe, akabaki na minyiri mitano na vibanzi vya kichwa.

Hakusema kitu. Alianza kuigeuza minyiri, mmoja mmoja, shina ndani na ncha nje, kama anapanga vijiko. Aliiweka ikazunguka. Wanafunzi wenzangu wakasogea. Kutoka kwenye kichwa akachagua kibanzi kikubwa kilichobaki, akakikwaruza mara tano, mistari mitano iliyonyooka, tik tik tik tik tik, akakidondosha katikati.

"Hiki unakijua?"

Nilikijua. Kila aliyewahi kutembea ufukweni maji yakiwa yamepwa anakijua: mikono mitano, imejibanza kwenye mchanga kana kwamba kuna mtu ameisahau pale.

"Kiti cha pweza," nikasema.

"Ahaa." Akavua miwani. "Basi kazi yako imekwisha nusu. Kiti unacho. Mwenyewe ndiye aliyeinuka."

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka mpaka nikashika meza, kwa sababu nilikumbuka ni nani aliyeinuka, na kwa kasi gani.

Kazi iliyofuata siwezi kuifanya ionekane ya kusisimua. Maji yote niliyakata upya, vipande zaidi ya 40, maana pweza na kiti chake hawaachi mapengo yanayofanana. Safari hii niliweka mishono pale Mwalimu alipoonyesha kwa penseli. Kufunga utepe wa shaba kwenye ukingo wa kila kipande, kuusugua ulale, kuhakikisha umegawanyika sawa mbele na nyuma: jioni nyingi, na kila jioni ni ile ile. Louis Comfort Tiffany, Mmarekani ambaye jina lake limeshikamana na njia hii, alitoa vivuli vya taa vyenye mamia ya vipande. Nilipomnung'unikia Mwalimu kuhusu huyo mtu, alinikumbusha kwamba taa zake nyingi mashuhuri zilibuniwa na Clara Driscoll, aliyeongoza kitengo cha wanawake wakata vioo katika karakana yake, na wao hawakunung'unika. Sijui alijuaje kwamba hawakunung'unika. Sikuuliza. Ninachojua ni kwamba Tiffany alikuwa na karakana nzima, mimi nilikuwa na shemeji.

Lehemu nayo ina ukorofi wake. Ile ya bati 60 kwa risasi 40 huyeyuka ikikaribia nyuzi 190, na ncha ya pasi ya kulehemu inazidi 300, kwa hiyo una uwezo wa kuyeyusha na uwezo wa kuharibu kwa wakati mmoja. Madirisha wazi, mtoto nje, hakuna kula wala kunywa karibu na meza, na mikono inaoshwa kwa sabuni kwa sababu risasi ni sumu. Mshono wangu wa kwanza ulifanana na nyayo za kuku aliyekanyaga tope. Nikataka kuulainisha, nikarudi juu yake, nikarudi tena, nikakaa mahali pamoja, na kipande cha bluu chini yake kikasema ile tii ninayoifahamu sasa kuliko sauti ya simu yangu. Nikakitoa, nikakata kingine, nikaendelea. Hayo yote kwa sentensi moja hapa. Kwenye maisha yalichukua Jumapili.

Na mchanga? Mchanga niliufuata chumbani kwa binti yangu. Nilibisha hodi. Nilieleza shida yangu. Alinisikiliza, akafikiri, akasema vipande vyake ni vya chupa.

"Ni sanaa," nikasema.

"Sema tena."

Nikasema tena. Akanipa kopo. Vinafungwa shaba kama kioo kingine chochote, na ule ukungu wao ukipigwa na mwanga unawaka kutoka ndani kama taa iliyofunikwa shuka. Ni sehemu nzuri kuliko zote kwenye ile paneli, na mwenye nazo hachoki kuwaambia wageni.

Mimi nilibaki na ubishi mmoja tu. Nilitaka mapovu. Mapovu matatu yanayopanda juu, ya kioo cheupe kabisa, kisicho na rangi wala mawimbi, ili yaonekane yana hewa. Mwalimu alinyanyua nyusi akaniuliza paneli inakwenda wapi. Nikamwambia dirishani. Hakuuliza dirisha gani.

Tuliitundika jioni, fremu ya zinki kuzunguka, mishono imepakwa dawa ikawa nyeusi. Asubuhi jua lilipoingia mke wangu alikuwa anapiga mswaki. Alisimama hivyo hivyo, povu mdomoni, maji ya bluu na kijani yanamtambaa begani, na nyota ya waridi yenye mikono mitano imetua kwenye vigae karibu na miguu yake. Alisogeza mguu ili asiikanyage. Nilikuwa mlangoni. Kwa dakika ile nilikuwa fundi.

Siku ya nne nikakutana na jirani nje.

"Hongera kwa lile dirisha," akasema. "Usiku linawaka kweli kweli."

"Asante sana."

"Sisi tunazima taa ili tulione vizuri."

"Asante."

Akasita kidogo, akatazama viatu vyake. "Na sauti pia unayo, jirani. Ila ule mchezo wa mabega, ule ungeuacha."

Kioo cha rangi humpendeza yule ambaye mwanga unamjia kupitia kioo. Mchana mwanga uko nje, anayefaidi ni mimi. Usiku taa iko ndani, upande wangu paneli inakuwa nyeusi kama ubao, na upande wa jirani inakuwa ukumbi wa maonyesho. Yale maji ya mawimbi yanaficha, mchanga wa binti yangu unaficha zaidi. Lakini yale mapovu matatu niliyoyapigania, meupe, safi, yalikuwa yamekaa kwenye usawa wa mabega yangu.

Pazia limerudi. Mchana linafungwa kwa kamba pembeni, usiku linashushwa mbele ya paneli, na mtu akioga linaoga naye.

Shemeji alipona ndani ya wiki. Anakuja kama kawaida, anataka kuonyeshwa ile kazi kila mara, anawaambia rafiki zake kwamba pale katikati, kile kibanzi chenye pembe tano, mimi na yeye tulikitengeneza pamoja. Siwezi kubisha. Ila nikimkaribisha kiti, anainua kwanza mto, anapapasa kwa kiganja, anainama kutazama chini yake, kisha ananitazama mimi.

"Tangulia wewe, shemeji."